Titi Likiondolewa: Somo Kuhusu Kurejesha Umbo na Kupona Nyumbani

Chukulia mfano wa mama mkulima mwenye umri wa miaka 46. Jioni moja, akiwa anaoga, mkono wake unagusa uvimbe mgumu usiouma upande wa kushoto wa kifua. Kituo cha afya hakiko mbali, na matangazo ya uchunguzi wa matiti ameyasikia mara nyingi. Hata hivyo anakaa kimya miezi minane, hamwambii mume wala dada yake. Kinachomzuia ni maneno aliyoyasikia kisimani: "Ukienda, watalikata."

Somo hili linamhusu mama huyo, pamoja na wale wanaoishi naye nyumba moja. Linaeleza kwa nini hofu ya kupoteza titi isimzuie mtu kwenda hospitali, jinsi umbo la titi linavyoweza kurejeshwa kwa kipandikizi baada ya upasuaji, na kazi inayowangoja ndugu katika majuma ya kupona.

Kuchelewa ndiko kunakoliondoa titi

Uvimbe mwingi unaoonekana kwenye matiti si saratani. Lakini hakuna awezaye kujua kwa kupapasa peke yake. Ni lazima uvimbe uchunguzwe kwa kipimo cha picha na kinyama kidogo kichukuliwe kupelekwa maabara. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake wapatao milioni 2.3 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na wapatao 670,000 walifariki kwa ugonjwa huo. Nchini Tanzania ni ya pili kwa wingi miongoni mwa saratani za wanawake, ikitanguliwa na saratani ya mlango wa kizazi. Wanaume pia huugua, ingawa kwa nadra.

Zamani madaktari wenyewe waliamini kwamba kadiri wanavyokata zaidi ndivyo mgonjwa anavyopona zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19, daktari William Halsted wa Baltimore, Marekani, alieneza upasuaji ulioondoa kwa pamoja titi zima, misuli ya kifua iliyo chini yake na tezi za kwapani. Kwa miongo mingi wanawake waliotibiwa kwa njia hiyo walibaki na kifua kilichobonyea, na wengi wao na mkono uliovimba.

Imani hiyo ilikuja kupimwa kwa utafiti. Mwaka 1985 yalichapishwa matokeo ya utafiti ulioongozwa na Bernard Fisher, pia wa Marekani. Kwa wanawake waliokuwa na uvimbe usiozidi sentimita 4, kuondoa uvimbe na tezi za kwapani, kisha kutibu titi lililobaki kwa mionzi, kuliwapa nafasi ya kuishi iliyo sawa na ya wale walioondolewa titi zima.

Kwa mkazi wa kata, maana ya matokeo hayo ni nzito. Anayefika hospitali uvimbe ukiwa mdogo huenda akabaki na titi lake. Anayejificha nyumbani kwa kuogopa kukatwa hukuza uvimbe, na kwa kufanya hivyo hujiongezea uwezekano wa kukatwa. Mama wa mfano wetu, katika miezi yake minane ya ukimya, alikuwa akipoteza kitu kile kile alichotaka kukilinda.

Hata hivyo, wapo wanaolazimika kuondolewa titi zima: uvimbe unapokuwa mkubwa kuliko titi linavyoweza kustahimili, saratani inapokuwa katika sehemu kadhaa za titi, au mgonjwa asipoweza kupata mionzi. Wengine huchagua wenyewe baada ya kushauriana na daktari. Kwao, swali linalofuata ni jinsi ya kuishi na kifua kilichobadilika.

Njia tatu, zote za heshima

Njia ya kwanza ni kubaki na kifua bapa. Jeraha hupona, kovu hufifia, na mwanamke huendelea na maisha yake bila upasuaji mwingine. Wapo wanaochagua hivyo kwa hiari kamili, na hawapaswi kuulizwa kwa nini.

Njia ya pili ni titi bandia linalovaliwa ndani ya sidiria. Laweza kuwa la silikoni lililotengenezwa kiwandani, au la kitambaa lililoshonwa nyumbani na kujazwa pamba au nafaka laini ili lipate uzito. Uzito huo una faida: mwenye matiti makubwa aliyepoteza moja huweza kuelemea upande mmoja, na shingo na mgongo vikauma. La kitambaa lafaa mwanzoni, maana ni jepesi na haliumizi kovu bichi.

Njia ya tatu ni kurejeshewa umbo la titi kwa upasuaji. Hapa daktari hutumia ngozi na nyama ya mgonjwa mwenyewe, iliyotolewa tumboni au mgongoni, au huweka kipandikizi. Pengine huunganisha njia hizo mbili.

Kurejesha umbo hakuongezi hatari ya saratani kurudi. Pia si sehemu ya lazima ya matibabu. Mwanamke aweza kulitaka, kulikataa, au kuliahirisha kwa miaka kadhaa na kulifikiria tena baadaye.

Kipandikizi cha titi ni nini

Neno hili lahitaji uangalifu, kwa kuwa katika kliniki za uzazi wa mpango kile kijiti kinachowekwa chini ya ngozi ya mkono nacho huitwa kipandikizi. Kipandikizi cha titi ni kitu kingine kabisa. Ni mfuko wenye ganda la silikoni, uliojazwa jeli ya silikoni au maji ya chumvi yasiyo na vijidudu. Upasuaji wa kwanza wa kuweka mfuko wa jeli ya silikoni ulifanywa mwaka 1962 mjini Houston, Texas, na madaktari Thomas Cronin na Frank Gerow.

Kazi hii hufanywa kwa namna mbili. Ngozi iliyobaki ikitosha na ikiwa na afya, kipandikizi cha kudumu chaweza kuwekwa siku ile ile titi linapoondolewa. Isipotosha, huanza mfuko wa kutanua ngozi. Mfuko huo huwekwa chini ya ngozi au chini ya msuli wa kifua ukiwa karibu mtupu. Jeraha likishapona, mgonjwa huenda kliniki kila baada ya juma moja au mawili, na maji ya chumvi huongezwa kidogo kidogo kwa sindano kupitia kifuniko maalumu cha mfuko. Ngozi hutanuka polepole, kama inavyotanuka ya tumbo la mjamzito. Baada ya miezi kadhaa hufanyika upasuaji wa pili: mfuko hutolewa na kipandikizi cha kudumu huwekwa mahali pake. Chuchu huweza kutengenezwa baadaye kwa ngozi ya mahali hapo, au kuchorwa kwa wino wa kudumu.

Hivyo anayechagua njia hii ajue tangu mwanzo kwamba anachagua safari nyingi za kliniki, na mara nyingi upasuaji zaidi ya mmoja. Anayeishi mbali ahesabu nauli, mahali pa kulala na mtu wa kumsindikiza kabla ya kuanza.

Mipaka yake

Mwanamke anayeelezwa faida peke yake hajashauriwa. Kipandikizi hurejesha umbo chini ya nguo; hakirejeshi titi. Ngozi juu yake mara nyingi hubaki na ganzi, na kwa wengine ganzi hiyo haiondoki. Titi hilo halinyonyeshi. Miaka inavyopita, titi la upande wa pili hulegea kwa umri ilhali lenye kipandikizi hubaki lilivyo, na tofauti huonekana.

Mwili nao huzungushia kipandikizi utando wa kovu. Kwa kawaida utando huo hauna madhara, lakini kwa baadhi ya wagonjwa hukaza, titi likawa gumu, likapinda na kuuma. Hatari hiyo huongezeka kwa waliopigwa mionzi, kwa sababu mionzi hudhoofisha ngozi na mishipa yake ya damu. Ndiyo maana mgonjwa anayetarajiwa kupata mionzi hushauriwa mara nyingi kusubiri, au kutumia nyama ya mwili wake mwenyewe. Wavutaji wa sigara na wenye kisukari kisichodhibitiwa nao huwa katika hatari kubwa zaidi ya maambukizi na ya jeraha kukataa kufunga.

Kipandikizi pia hakidumu maisha yote. Chaweza kupasuka au kuvuja, na kile cha jeli huweza kupasuka pasipo dalili yoyote. Mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba hushauri wenye vipandikizi vya jeli, hata wasio na dalili, wapimwe kwa picha miaka mitano hadi sita baada ya kuwekewa, kisha kila baada ya miaka miwili au mitatu. Mamlaka hiyo hiyo ilizuia matumizi ya kawaida ya vipandikizi vya jeli mwaka 1992 na kuviruhusu tena mwaka 2006 baada ya tafiti. Mwaka 2019 aina fulani ya vipandikizi vyenye ganda la kukwaruza iliondolewa sokoni katika nchi nyingi, kwa kuwa ilihusishwa na saratani adimu ya mfumo wa limfu inayoota kando ya kipandikizi.

Fundisho la historia hiyo ni la vitendo. Kila anayewekewa kipandikizi adai kadi yenye jina la aina yake, namba yake na tarehe ya upasuaji, na aitunze pamoja na cheti cha kuzaliwa na kadi ya bima. Siku tangazo la hatari litakapotolewa, kadi hiyo ndiyo itakayomjulisha kama linamhusu.

Majuma sita ya nyumbani

Baada ya upasuaji mgonjwa hulala hospitali siku chache, kisha hurudi nyumbani akiwa bado na bandeji, na mara nyingi akiwa na mrija mwembamba unaotoa majimaji kutoka kwenye jeraha kwenda katika chupa au kifuko. Ndugu wasiuogope mrija huo. Kazi yake ni kuzuia majimaji yasijikusanye chini ya ngozi. Anayemuuguza anawe mikono kwa sabuni, amwage majimaji kwa wakati ule ule kila siku, na aandike katika daftari kiasi na rangi yake. Kwa kawaida daktari huutoa mrija kiasi kinaposhuka chini ya mililita 30 kwa saa 24. Daftari lile ndilo linalomwonyesha daktari kwamba wakati umefika.

Kizuizi kikubwa cha kupona katika kaya nyingi ni kazi. Kwa majuma manne hadi sita mgonjwa hatakiwi kuinua kitu kizito, na wauguzi wengi huweka kikomo cha kilo 5 au pungufu. Ndoo ya lita 20 ina kilo 20. Kuchota maji, kutwanga, kulima, kupasua kuni, kufua mablanketi na kubeba mtoto mgongoni ni kazi zinazoweza kufungua mshono, kukusanya damu ndani ya jeraha au kuhamisha kipandikizi kabla hakijashikwa na mwili. Kabla mgonjwa hajaenda hospitali, kikao cha familia kiamue kwa majina nani atachota maji, nani atapika, nani atalala na mtoto mdogo. Mgonjwa akirudi na kukuta mtungi mtupu, ataushika mwenyewe.

Kukaa bila kufanya chochote nako kuna madhara, kwani bega lisilosogezwa hukakamaa. Siku za mwanzo mgonjwa hufunga na kufungua kiganja, hukunja kiwiko na hutembea polepole uani. Mkono hauinuliwi juu ya bega mpaka daktari atoe ruhusa. Ruhusa ikishatolewa, zoezi jepesi linalofaa ni kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole taratibu kana kwamba vinatembea. Akiweka alama ya mkaa pale vilipofika, kesho atajaribu kuivuka.

Dawa za maumivu zinywewe kwa saa zilizoandikwa, pasipo kungoja maumivu yazidi. Mgonjwa alale chali, kichwa na mkono vikiwa vimeinuliwa kwa mito. Jeraha lisiloweshwe mpaka wauguzi waruhusu. Safari za bodaboda ziepukwe majuma ya kwanza, maana mitikisiko huumiza kifua kibichi.

Mambo mawili yaliyozoeleka lazima yaachwe. La kwanza ni kukanda kwa maji ya moto. Ngozi yenye ganzi haihisi joto, na mgonjwa huweza kuungua bila kujua. La pili ni kupaka jeraha majani, mafuta au unga wowote usiotolewa hospitali, kwa kuwa maambukizi yakikifikia kipandikizi mara nyingi hulazimu kitolewe.

Mgonjwa arudishwe hospitali siku hiyo hiyo ikiwa ana homa ya nyuzi 38 au zaidi, jeraha likitoa usaha au harufu, kifua kikivimba ghafla au kuwa chekundu na cha moto, mshono ukiachia, au majimaji ya mrija yakigeuka damu nzito. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikibana ghafla, hiyo ni dharura isiyongoja mapambazuko, kwani huenda damu imeganda katika mishipa.

Aliyetolewa tezi za kwapani abaki na tahadhari hata baada ya majuma hayo. Mkono wa upande huo waweza kuvimba miezi au miaka baadaye. Avae glavu anaposhika jembe au kisu, na mchubuko, hata ukiwa mdogo, aushughulikie mapema. Akiona pete au bangili inabana kuliko zamani, aende kliniki.

Kovu lisiloonekana

Wanawake wengi hulia siku bandeji inapofunguliwa, hata wale waliokuwa imara kabla ya upasuaji. Kilio hicho si ukosefu wa shukrani kwa uhai uliookolewa. Mume asigeuze uso, wala asiharakishe mambo. Aulize, asikilize, na amwache mkewe achague siku ya kuonyesha kovu lake. Mama mkwe na wifi wasilipeleke jambo hilo kwa majirani. Watoto waelezwe kwa maneno mepesi kwamba mama ameumwa, ametibiwa, na kwa sasa hakumbatiwi kwa nguvu.

Msaada mwingine hutoka kwa mwanamke aliyekwisha kupita njia hiyo. Mwaka 1952 Terese Lasser wa Marekani, baada ya kuondolewa titi, alianza kuwatembelea wagonjwa wengine kitandani ili wamwone mtu aliye hai anayetembea wima. Jambo hilo halihitaji fedha. Katika kata, mwanamke aliyepona na aliye radhi kusema aweza kuwatoa wengine mafichoni kuliko tangazo lolote.

Jinsi ya kuifikia huduma

Mwenye uvimbe, chuchu iliyoingia ndani, ngozi ya titi inayofanana na ganda la chungwa, au chuchu inayotoa damu aanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijiji au mtaa aweza kumsindikiza. Kutoka hapo hupewa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa au ya kanda kwa vipimo na upasuaji. Mionzi hutolewa katika hospitali chache kubwa, zikiwemo Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, na Hospitali ya Bugando, Mwanza. Upasuaji wa kurejesha umbo hufanywa na madaktari bingwa wa upasuaji rekebishi, nao hupatikana kwa njia ya rufaa.

Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, mgonjwa ana haki ya kuuliza, na anafaa kwenda na ndugu wa kumsaidia kukumbuka majibu. Je, titi lote ni lazima liondolewe? Je, atahitaji mionzi? Je, kurejesha umbo kwafaa kufanywa sasa au baadaye, na ni safari ngapi za kliniki? Je, bima yake inalipia kipandikizi, na ni kiasi gani atalipa mwenyewe? Asiye na uwezo amwone ofisa ustawi wa jamii wa hospitali mapema, akiwa na barua ya serikali ya kijiji au mtaa.

Mama wa mfano wetu hahitaji kuamua leo kama atataka kipandikizi. Uamuzi huo waweza kusubiri. Usioweza kusubiri ni ule wa kumwambia dada yake usiku huu, na kesho asubuhi kuingia naye zahanati.